Asilimia 40 ya nini? Jinsi maudhui ya ndani yanavyohesabiwa kwenye redio na televisheni

Swali: Ninasimamia vipindi katika kampuni yenye redio ya muziki na kituo cha televisheni. Leseni ya redio inatutaka tupige asilimia 40 ya muziki wa ndani kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku. Ya televisheni inataka asilimia 45 ya maudhui ya ndani kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 usiku. Kwa hesabu zetu tulikuwa tumevuka kote kuwili. Sasa mdhibiti ametuletea barua ya onyo: redio asilimia 36, televisheni 38. Mkurugenzi anataka redio ipande hadi 90 ili ubishi uishe. Tumekosea wapi, na tunarekebishaje?

Jibu: Inaelekea kujumlisha na kugawanya hamkukosea. Mlichokosea ni jumla mliyogawia. Asilimia iliyoandikwa kwenye leseni haisemi kitu mpaka ujue mambo manne: nini kinaitwa cha ndani, kinagawanywa kwa jumla ipi, katika saa zipi, na kinapimwa kwa dakika au kwa idadi ya nyimbo. Vituo viwili vyenye ratiba ileile vinaweza kupata majibu yanayopishana kwa pointi kumi, na kila kimoja kikawa kimehesabu sawasawa kwa kanuni yake.

Nianze na televisheni, maana kosa lake linaonekana upesi. Saa 18 kwa siku mara siku saba ni saa 126 kwa wiki. Tuseme mna taarifa ya habari saa 21, michezo saa 9, na vipindi vyenu vingine vya ndani (mahojiano, dini, muziki, tamthilia moja) saa 27, zote bila kuhesabu matangazo ya biashara. Jumla ni saa 57, na 57 kwa 126 ni asilimia 45. Mmefaulu, au ndivyo mlivyodhani.

Kanuni nyingi haziruhusu hesabu hiyo. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1989 kuhusu televisheni, ambalo nchi nyingi zimeiga mantiki yake, lilitaka sehemu kubwa ya muda iwe ya kazi za Ulaya, lakini kwanza lilitoa nje habari, matukio ya michezo, vipindi vya michezo ya kushindania zawadi, matangazo ya biashara na huduma za maandishi ya skrini. Sababu yake ni ya kawaida tu: habari na mpira wa nyumbani kila kituo kingeonyesha hata bila sheria, kwa hiyo ukivihesabu, kanuni haimlazimishi mtu kufanya lolote. Na vinavyotolewa hutolewa pande zote mbili za mgawanyo, juu (saa za ndani) na chini (jumla ya saa). Hapo ndipo wengi huteleza. Ondoa habari 21, michezo 9, na matangazo ya biashara yanayofika kama saa 25 (dakika 12 kila saa). Kutoka 126 zinabaki saa 71. Cha ndani kinachohesabika ni zile saa 27 pekee, na 27 kwa 71 ni asilimia 38. Ikiwa ratiba yenu inakaribia mfano huu, hiyo ndiyo 38 ya barua mliyoletewa.

Kabla ya kuendelea, tafuteni kwenye leseni na kanuni majibu ya mambo haya kwa maandishi. Marudio yanahesabiwaje? Kuna kanuni zinazoyahesabu kamili, nyingine nusu kwa rudio la kwanza na sifuri kuanzia la pili. Kipindi cha kigeni kilichotiwa sauti kwa lugha ya nchi kwa kawaida hubaki cha kigeni. Muundo wa kipindi ulionunuliwa nje, mathalani shindano la kuimba, kwa kawaida huwa wa ndani ukitengenezwa nchini na watu wa nchini. Kazi ya ubia na kampuni ya nje hutegemea kama kuna mkataba wa ubia kati ya nchi hizo mbili na nani anamiliki sehemu kubwa. Na pale masharti ya leseni yenu yanapotofautiana na kanuni za jumla, msichague lile linalowafaa. Mwandikieni mdhibiti awape tafsiri, na jibu lake mlitunze.

Tafsiri inaweza hata kuvuka mpaka. Australia ilipotoa upendeleo kwa vipindi vya Kiaustralia, watayarishaji wa New Zealand walikwenda mahakamani, na mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Australia ikaamua kwamba mkataba wa biashara ya huduma kati ya nchi hizo mbili unakataza ubaguzi huo. Tangu hapo kipindi cha New Zealand kikahesabika kama cha Australia. Kwa hiyo kama nchi yenu imo kwenye soko la pamoja na jirani zake, angalieni kama kuna kifungu kinachofanya kazi za jirani zihesabike. Huwa kinasahaulika.

Sasa redio, ambako mambo ni mengi zaidi.

Kwanza, wimbo wa ndani ni upi? Kuna njia mbili kubwa. Kanada hupima watu na mahali. Wimbo una alama nne zinazowezekana: muziki umetungwa na Mkanada, msanii mkuu ni Mkanada, umerekodiwa au kutumbuizwa Kanada, na maneno yameandikwa na Mkanada. Ukipata mbili, umefaulu. Redio za biashara huko zinatakiwa zifikishe asilimia 35 ya muziki wa kawaida wa kupendwa, tena mara mbili: kwa wiki nzima, na pia Jumatatu hadi Ijumaa kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Ufaransa hupima lugha. Sheria ya mwaka 1994, iliyoanza kutekelezwa Januari 1996, ilidai asilimia 40 ya nyimbo ziwe za Kifaransa, na nusu ya hizo zitoke kwa vipaji vipya au kazi mpya. Chini ya kanuni hiyo Mbelgiji anayeimba Kifaransa anahesabika, na Mfaransa anayeimba Kiingereza hahesabiki. Hakuna njia iliyo ya haki kuliko nyingine. Ila mkichanganya mbili hizo katika lebo za maktaba yenu, kila wiki mtakuwa na makosa yaleyale.

Kolabo ndizo mtego mkubwa. Bryan Adams, Mkanada asiye na shaka, mwaka 1991 alitoa albamu ambayo haikutimiza masharti ya Kanada, kwa sababu aliitunga pamoja na mtayarishaji asiye Mkanada na sehemu ya kurekodi ilifanyika nje. Kelele zilikuwa kubwa, na mwaka 1993 kanuni ikalegezwa ili Mkanada anayetunga na mgeni, akitambuliwa kwa angalau nusu ya utunzi wa muziki na wa maneno, apate alama. Kwa hiyo msiweke lebo kwa kuangalia jina la msanii tu. Kila wimbo uwe na nafasi tano kwenye programu ya kupanga nyimbo: mtunzi wa muziki, mwandishi wa maneno, msanii mkuu, mahali uliporekodiwa, lugha. Ya sita iwe uamuzi: wa ndani, si wa ndani, au haujathibitishwa. Usiothibitishwa uhesabiwe si wa ndani hadi karatasi ije. Na msitegemee herufi mbili za mwanzo za ISRC, ile namba ya utambulisho wa rekodi. Zinahusu aliyesajili namba, na hazielezi uraia wa msanii. Msanii wenu aliyesambazwa na kampuni ya muziki ya nje anaweza kuwa na namba ya nje, na mgeni akawa na ya kwenu.

Pili, dakika au nyimbo? Chukua saa moja yenye nyimbo kumi, nne za ndani na sita za nje. Kwa idadi ni asilimia 40 kamili. Kama za ndani zina dakika mbili na nusu kila moja na za nje dakika nne, kwa muda mmepiga dakika 10 kati ya 34, yaani asilimia 29. Zikigeuka, za ndani dakika nne na za nje tatu, mnapata 16 kati ya 34, asilimia 47. Kituo cha vijana kinachokata nyimbo za ndani kwenye ubeti wa pili kinajiumiza chenyewe hapa.

Tatu, usiku. Mmesema saa zinazohesabika zinaishia saa 4 usiku. Kila wimbo wa ndani unaopigwa baada ya hapo ni zawadi kwa wasikilizaji, lakini kwenye ripoti ni sifuri. Ujanja huu una umri wa kanuni zenyewe: Kanada ilipoanza kudai asilimia 30 mwaka 1971, baadhi ya vituo vilirundika nyimbo za nyumbani katika saa zenye wasikilizaji wachache, hadi saa hizo zikapewa jina la utani la “saa za biva”, kwa mnyama anayeitambulisha nchi hiyo. Ndiyo maana kanuni nyingi za siku hizi hutaja saa. Poland inataka asilimia 33 ya nyimbo za Kipolandi, na asilimia 60 ya hizo zipigwe kati ya saa 11 alfajiri na saa 6 usiku. Ufilipino ilikwenda mbali zaidi: amri ya rais ya mwaka 1987 ilitaka nyimbo nne za Kifilipino katika kila saa. Huko huna pa kuzirundika.

Nne, seti za ma-DJ. Mchanganyo wa saa nzima ulioingizwa kwenye logi (kumbukumbu ya vinavyokwenda hewani) kama faili moja yenye jina la DJ hauna nyimbo kwa macho ya mkaguzi. Ama unatolewa kwenye hesabu, ama unahesabiwa wote kuwa wa kigeni. Mtakeni DJ alete orodha yenye jina la wimbo, msanii na dakika, na mtu aiingize kabla seti haijaenda hewani. Baada ya hapo haitaletwa.

Kosa la tano halionekani kwenye ratiba kabisa, na kama mlipanga asilimia 40 mkapimwa 36 ningelitafuta hapa kwanza. Watangazaji wakichelewa, huruka nyimbo za mwisho wa saa. Tuseme saa ina nyimbo 12 na tano ni za ndani, ambayo ni asilimia 42 kwenye karatasi. Mtangazaji akiruka mbili za mwisho na zote ni za ndani, mmebakiwa na tatu kwa kumi, asilimia 30. Zikirukwa mbili za nje, mna tano kwa kumi, asilimia 50. Mpangaji ni yuleyule na mtangazaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni nafasi ya nyimbo ndani ya saa. Kwa hiyo katika kiolezo cha saa, za ndani ziwekwe nafasi ya 1, 3, 5, 8 na 9, na nafasi ya 11 na 12 ziachiwe zinazoweza kupotea. Na ripoti itokane na kumbukumbu ya kilichokwenda hewani. Ratiba iliyopangwa si ushahidi.

Kisha mhesabu katikati ya wiki. Saa zenu zinazohesabika ni 112 kwa wiki, tuseme wiki inayoanza Jumatatu. Kwa nyimbo 11 kila saa ni nyimbo 1,232, na asilimia 40 yake ni 493. Mkigundua Jumatano usiku kwamba mmepiga 190 kati ya 528, yaani asilimia 36, zimebaki nyimbo 704 na mnahitaji 303. Hiyo ni asilimia 43, nyimbo tano kwa kila saa. Msikilizaji hatatambua kitu. Mkigundua Jumamosi usiku kwa mwendo uleule, mna 380, na mnahitaji 113 kati ya 176 za Jumapili: saba kwa kila 11. Jumapili hiyo kila mtu atatambua. Pangeni asilimia 45 ili mpate 40, kwa sababu habari za dharura, mpira uliozidisha muda na maombi ya wasikilizaji daima hula upande wa nyimbo za ndani.

Kuhusu 90 ya mkurugenzi: ilikwishajaribiwa. Mwezi Mei 2016 shirika la utangazaji la umma la Afrika Kusini, SABC, liliagiza asilimia 90 ya muziki wa ndani kwenye redio zake zote, ingawa kanuni mpya za mwaka huohuo ziliitaka redio ya biashara asilimia 35. Baadhi ya vituo vilipoteza wasikilizaji na mapato ya matangazo, na mwaka uliofuata agizo likaondolewa. Wasanii walikuwepo wa kutosha. Ila redio yenye aina maalumu ya muziki haiwezi kubadilishwa kwa waraka wa usiku mmoja na wasikilizaji wakabaki palepale. Isitoshe, 90 haitatibu lebo mbovu wala logi isiyo na nyimbo.

Swali la maana zaidi kwa mkurugenzi ni ukubwa wa maktaba. Nyimbo tano kwa saa mara saa 16 ni mipigo 80 ya ndani kwa siku. Mkizungusha nyimbo 20, kila moja itasikika mara nne kwa siku, mara 28 kwa wiki, na mtu wa gereji anayesikiliza siku nzima ataichukia kabla ya Ijumaa. Mkiwa na 80 zinazozunguka, ni mara moja kwa siku kwa wastani. Gaweni katika makundi matatu: mpya zinazorudi mara tatu kwa siku, za miaka ya karibuni mara moja, na za zamani mara mbili kwa wiki. Ufaransa ililazimika kuliweka jambo hili kwenye sheria mwaka 2016: nyimbo kumi zinazopigwa zaidi zikizidi nusu ya mipigo yote ya Kifaransa katika kituo, ziada haihesabiki. Kanuni yenu inaweza isiwe na kifungu hicho bado, lakini uchovu wa msikilizaji hausubiri kifungu.

Turudi kwenye televisheni, maana huko kuziba pengo kunagharimu fedha. Mnahitaji saa 32 kati ya 71, mna 27, kwa hiyo pengo ni saa tano kwa wiki. Kishawishi ni kuongeza kipindi cha mahojiano: kiti, meza, wageni wawili. Kitajaza hesabu, na kwa mwaka mmoja mtapumua. Lakini wadhibiti wanaijua njia hii, ndiyo maana wengi wameongeza viwango vidogo ndani ya kile kikubwa, kwa tamthilia, watoto na makala, au wakatumia pointi zinazoipa tamthilia uzito zaidi. Mfano wa kale ni wa sinema. Sheria ya Uingereza ya 1927 iliwalazimisha wasambazaji kuchukua filamu za Uingereza, kuanzia asilimia 7.5, ikipimwa kwa wingi tu. Matokeo yakawa filamu za harakaharaka zilizotengenezwa kwa bei ya chini kabisa ili karatasi ijazwe, na sheria ya 1938 ikabidi iweke kima cha chini cha gharama.

Njia inayodumu zaidi ni tamthilia ya kila siku. Nafasi ya nusu saa ina dakika 24 baada ya matangazo, kwa hiyo siku tano ni saa mbili. Marudio ya sehemu zote tano Jumamosi yakihesabiwa nusu yanaongeza saa moja. Kipindi cha watoto cha nafasi ya nusu saa, siku tano, kinaleta saa mbili nyingine. Hapo pengo limezibwa, bila akiba yoyote. Mechi moja ikifuta saa mbili za ndani, mnabaki na 30 kwa 69, asilimia 43.5, kwa sababu michezo inapunguza juu na chini kwa pamoja. Ongezeni basi saa mbili au tatu za makala za wikiendi, na mpira ukija ufute vya kigeni.

Tamthilia ya siku tano ni sehemu 260 kwa mwaka, na haiwezekani kwa mtindo wa kuhama mitaa kutafuta mandhari. Inahitaji seti za kudumu tatu au nne ndani ya ukumbi mmoja, waandishi wanaotangulia kurekodi kwa wiki sita hivi, na akiba ya angalau sehemu 20 zilizokamilika kabla ya kwenda hewani. Bila akiba hiyo, mwigizaji mkuu akiugua mnarudisha za zamani, marudio yanashusha hesabu, na mko tena kwenye barua ya onyo. Itakuwa ghali kuliko tamthilia ya kununua, ambayo mwenye nayo alikwisharudisha gharama zake kwenye soko lake la kwanza na anaweza kuiuza kwenu kwa bei yoyote. Tofauti hiyo ya bei ndiyo chanzo cha viwango hivi vyote.

Kwa barua ya onyo yenyewe, msijibu kwa kulalamika wala kwa kukiri yote. Ombeni jedwali la hesabu ya mdhibiti: wiki ipi, saa zipi, kipindi kipi kiliwekwa kundi gani. Lipangeni sambamba na kumbukumbu zenu za hewani, mstari kwa mstari. Mara nyingi mtakuta makosa pande zote mbili, wimbo wa nyumbani walioudhania wa nje na seti ya DJ mliyoidhania ya nyumbani. Kubalini yenu kwa maandishi na pingeni yao kwa ushahidi wa kila kipengele: mkataba wa kurekodi, jina la mtunzi kwenye shirika la hakimiliki, barua ya mtayarishaji. Ambatanisheni ratiba ya marekebisho yenye tarehe, redio ndani ya wiki mbili, televisheni ndani ya miezi sita, na kama mtashindwa kufikia 45 kabla ya tamthilia kuanza, ombeni nafuu ya muda sasa hivi. Nafuu iliyoombwa kabla ya kipimo kinachofuata hujadiliwa. Ikiombwa baada yake huitwa utetezi.